Padri Kir: Meya aliyewatafutia wakulima soko ndani ya glasi

Wageni waliofika katika ukumbi wa jiji la Dijon, mashariki mwa Ufaransa, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hawakuulizwa wangependa kunywa nini. Awe waziri, awe balozi, awe mfanyabiashara kutoka ng'ambo, kila mmoja alipewa glasi ya kinywaji kilekile: mvinyo mweupe uliotiwa pombe tamu ya matunda meusi yanayolimwa katika eneo hilo. Mwenyeji wao alikuwa mzee mcheshi aliyevaa kanzu nyeusi ya kipadri, na kifuani alikuwa na nishani za vita. Aliitwa Félix Kir. Leo jina hilo limo katika orodha za vinywaji vya hoteli na baa za nchi nyingi, na wengi wanaoliagiza hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Kir hakuwa mkulima, wala hakumiliki kiwanda. Hata kinywaji chenyewe hakukibuni yeye. Alichofanya ni kutumia ofisi yake na jina lake kuyapatia wanywaji mazao mawili ya jirani zake. Alifanikiwa sana, lakini faida ya mafanikio hayo haikugawanyika sawa kati ya shamba na kiwanda, na ugomvi wa nani mwenye haki na jina hilo uliendelea miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Matunda yenyewe Wafaransa huyaita cassis. Katika masikio ya Mswahili neno hilo linakaribiana sana na kasisi, lakini halina uhusiano wowote na upadri. Ni bahati tu kwamba aliyeyapatia umaarufu alikuwa kasisi kweli. Huota kwa vishada kwenye vichaka visivyozidi sana kimo cha mtu, kila tunda likiwa na ukubwa wa punje ya njegere au zaidi kidogo, jeusi kwa nje na lenye maji ya rangi ya zambarau iliyokolea. Yakiliwa mabichi ni makali na machachu. Yakishavunwa hayakai. Mavuno huanguka kiangazi, hasa mwezi Julai, na huisha kwa muda mfupi, kwa hiyo mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika hana nafasi ya kusubiri bei ipande.

Ndiyo maana usindikaji ulikuwa muhimu tangu mwanzo. Mwaka 1841 mtengenezaji wa pombe wa Dijon aliyeitwa Auguste-Denis Lagoute alianza kutengeneza likeri ya cassis, na kampuni iliyotokana na kazi yake baadaye ilijulikana kwa jina la Lejay-Lagoute. Likeri si mvinyo. Mvinyo hupatikana kwa kuchachusha maji ya zabibu hadi sukari yake igeuke kuwa kilevi. Likeri hupatikana kwa kuloweka matunda ndani ya spiriti kwa wiki kadhaa hadi spiriti hiyo ichukue rangi, harufu na ladha yote, kisha huchujwa na kutiwa sukari nyingi. Kwa sheria za Ulaya za leo, pombe inayouzwa kwa jina la krimu ya cassis lazima iwe na sukari isiyopungua gramu 400 katika kila lita, na kilevi kisichopungua asilimia 15. Neno krimu hapa lisimdanganye mtu, maana hakuna maziwa ndani yake. Linaeleza uzito unaotokana na sukari hiyo.

Kuanzia miaka ya 1860 mashamba ya mizabibu ya Ufaransa yalishambuliwa na filoksera, mdudu mdogo jamii ya vidukari anayefyonza mizizi hadi mzabibu unakufa. Burgundy, mkoa ambao Dijon ni mji wake mkuu, haukusalimika. Kadiri mizabibu ilivyokauka, familia nyingi ziliongeza vichaka vya cassis kandokando ya mashamba na kwenye ardhi iliyobaki wazi. Kazi ya kuvuna ilikuwa zaidi ya wanawake na watoto, na kwa kaya nyingi fedha za cassis zilikuwa fedha za kiangazi, kabla zabibu hazijaiva.

Félix Kir alizaliwa katikati ya mabadiliko hayo, tarehe 22 Januari 1876, katika kijiji cha Alise-Sainte-Reine. Ni mahali panapofahamika na kila mtoto wa shule Ufaransa, kwa sababu hapo ndipo Julius Caesar alipomshinda Vercingetorix, kiongozi wa Wagauli, mwaka 52 kabla ya Kristo. Kir alisoma seminari, akapewa upadri mwaka 1901, kisha akatumikia parokia mbalimbali za Burgundy, zikiwemo za vijijini. Padri wa kijiji katika nchi ya mizabibu anajua mwaka wa sakitu ni upi na mwaka wa neema ni upi hata kabla ya ofisa wa kodi kujua, kwa sababu huviona kwenye sadaka na kwenye harusi. Mwaka 1931 alipewa cheo cha heshima cha kanoni. Kufikia wakati huo alikuwa ameshaingia katika uandishi wa magazeti na mabishano ya siasa, kazi alizozipenda bila kificho.

Pengine angebaki padri wa mkoani mwenye ulimi mkali kama vita visingefika mlangoni. Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Dijon, viongozi wa jiji walikimbia. Kir, ambaye alikuwa na umri wa miaka 64, alibaki na kuingia katika kamati ndogo iliyochukua jukumu la kuendesha shughuli za jiji. Alitumia nafasi hiyo kuwasaidia maelfu ya wanajeshi wa Kifaransa waliofungwa katika kambi ya Longvic, nje kidogo ya jiji, kutoroka. Wajerumani walimkamata mwaka huohuo, wakamweka ndani kwa miezi miwili hivi, wakamwachia. Januari 1944 watu wenye silaha, Wafaransa waliokuwa upande wa Wajerumani, walimvamia nyumbani kwake na kumpiga risasi. Alijeruhiwa lakini akapona, akaondoka mjini na kujificha. Alirejea tarehe 11 Septemba 1944, siku Dijon ilipokombolewa.

Baada ya hapo wananchi wa Dijon hawakuhitaji kampeni ndefu. Mwaka 1945 walimchagua kuwa meya na mbunge kwa pamoja. Ubunge alikaa nao hadi 1967, umeya hadi alipokufa. Bungeni Paris aliingia na kanzu yake ya kipadri miaka yote hiyo, na kwa kuwa alikuwa mwenye umri mkubwa kuliko wabunge wote, ikafika wakati yeye ndiye aliyefungua vikao vya kwanza vya Bunge jipya kama utaratibu wa nchi hiyo unavyotaka.

Jiji alilolikuta lilikuwa na matatizo mengi. Kwa upande wa kilimo, Burgundy ilikuwa na mvinyo mwekundu wenye sifa duniani, ambao haukuhitaji msaada wa meya. Tatizo lilikuwa kwa bidhaa za daraja la chini. Mojawapo ilikuwa Aligoté, mvinyo mweupe unaotokana na zabibu zenye jina hilohilo. Aina bora za zabibu zilipewa miteremko mizuri, Aligoté ikapata ardhi iliyosalia, na mvinyo wake ulikuwa mkali kwa uchachu na wa bei ndogo. Ya pili ilikuwa likeri ya cassis, nzito na tamu kupita kiasi kwa mtu anayetaka kunywa glasi nzima. Moja ilizidi uchachu, nyingine ilizidi sukari.

Kuzichanganya hakukuwa wazo geni. Wenyeji waliuita mchanganyiko huo kwa jina la kawaida tu, cheupe-na-cassis, na ulikuwepo kwenye migahawa ya Dijon tangu mwanzo wa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba hata Henri Barabant, aliyekuwa meya kuanzia 1904 hadi 1908, aliwapa wageni wake mchanganyiko huo badala ya shampeni ya gharama. Tofauti ni kwamba Kir aliufanya kuwa kinywaji pekee cha ukumbi wa jiji kwa zaidi ya miaka 20, na wageni wa Kir walikuwa wengi kuliko wa meya yeyote aliyemtangulia.

Alikuwa muumini mkubwa wa urafiki wa miji. Chini yake Dijon ilifungamana na Dallas ya Marekani mwaka 1957 na kisha na Stalingrad, ambayo leo inaitwa Volgograd, mwaka 1959. Huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na padri kufanya urafiki na mji wa Kisovieti kuliwaudhi wakubwa wake wa kanisa. Kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, alipofika Dijon mwaka 1960, askofu alimkataza Kir kumpokea, na meya hakuonekana kwenye mapokezi ya mgeni mkubwa kuliko wote waliowahi kufika katika jiji lake. Hata hivyo majina yao mawili yalikutana baa: kipo kinywaji cha mvinyo mweupe, cassis na vodka kinachoitwa Double K, yaani Kir na Khrushchev.

Kila ujumbe uliokuja ulirudi kwao ukijua ladha moja. Mfanyabiashara ataona mara moja thamani ya jambo hilo. Tangazo la gazeti linasomwa na kutupwa, lakini mgeni aliyekaribishwa glasi na meya mwenyewe, tena meya wa vichekesho na historia ya risasi, atasimulia kwao. Akitaka kuwaonyesha marafiki zake, atahitaji chupa mbili, na zote zilitoka Burgundy.

Kukitengeneza ni rahisi mno, na hiyo ni sababu nyingine ya kuenea kwake. Likeri hutangulia kwenye glasi, kisha mvinyo mweupe uliopoa vizuri humiminwa juu yake. Ukimiminwa namna hiyo vinachanganyika vyenyewe bila kijiko. Zamani Wadijon walitia hadi sehemu moja ya likeri kwa mbili za mvinyo. Siku hizi kipimo kinachokubalika na chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa ni mililita 10 za likeri kwa 90 za mvinyo, kwa sababu walaji wa leo hawapendi sukari nyingi. Mvinyo unaofaa ni ule mkavu, wenye uchachu. Anayetumia mvinyo wenye utamu wake atapata sharubati. Badala ya mvinyo mweupe wa kawaida ukitiwa shampeni, kinaitwa Kir Royal, na Burgundy hutumia mvinyo wao wenyewe wa mapovu, ambao ni wa bei nafuu zaidi. Ukitiwa mvinyo mwekundu kinaitwa Communard. Watu wa Normandy, ambako tufaha ndiyo mali, hutia sida ya tufaha. Wengine huacha cassis na kutumia likeri ya pichi.

Likeri hiyo haikuishia kwenye glasi. Kwa vitindamlo, yaani vyakula vitamu vya kumalizia mlo, ina kazi nyingi kuliko sharubati ya kawaida, kwa kuwa kilevi hubeba harufu ya tunda na uchachu wa tunda huzuia utamu usikinaishe. Kijiko kimoja au viwili juu ya aiskrimu ya vanila hutosha. Mapeasi yaliyomenywa na kuchemshwa taratibu, kisha kuandaliwa pamoja na cassis, ni chakula ambacho hoteli za Dijon zimekihusisha na jiji lao kwa muda mrefu. Mpishi mwangalifu huitia mwishoni, chakula kikishaepuliwa, kwani moto mkali hufukuza harufu aliyoilipia. Kingine ambacho wauzaji wengi husahau kumwambia mteja ni kwamba chupa ikishafunguliwa ikae mahali pa baridi na itumike ndani ya miezi michache. Ikiachwa rafuni, hewa huifanya igeuke rangi ya kahawia na kupoteza ladha ya tunda.

Mwaka 1951 Kir alifanya uamuzi ambao kibiashara ulikuwa mkubwa kuliko mapokezi yote. Mwezi Novemba, kwa barua fupi, aliipa kampuni ya Lejay-Lagoute haki ya pekee ya kutumia jina lake kutangaza cassis na kukiita kinywaji cha mvinyo mweupe na cassis. Mwaka uliofuata kampuni ililisajili jina hilo kama alama ya biashara. Cheupe-na-cassis ikawa Kir.

Baadaye, kwa ukarimu wa mwanasiasa asiyependa kumnyima mpiga kura, aliwaruhusu washindani wa kampuni hiyo nao watumie jina lake. Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Haki ya pekee haiwezi kupewa watu wawili, na mzee huyu alijaribu kuigawa kama anavyogawa glasi. Kampuni zilifikishana mahakamani, na kesi ilipanda ngazi hadi mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya Ufaransa, ambayo mwaka 1992 iliipa ushindi Lejay-Lagoute. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu barua ile iandikwe.

Jambo la kuangalia katika barua hiyo ni kile kisichokuwemo. Haikugusa matunda yatoke wapi, wala mkulima alipwe kwa utaratibu gani. Halikadhalika jina la zamani zaidi, krimu ya cassis ya Dijon, linalindwa kisheria kwa maana kwamba likeri lazima itengenezwe Dijon, lakini haidai kwamba matunda yavunwe Burgundy. Kiwanda kikipata matunda ya bei nafuu kutoka mkoa mwingine au nchi nyingine, chupa inabaki na jina lilelile. Haradali ya Dijon ina hadithi inayofanana, kwani mbegu zake nyingi kwa miaka sasa zimetoka Kanada. Meya alifanikiwa kuongeza wanywaji, na kwa wakulima hilo lilikuwa jema kubwa, lakini mkataba ulimfunga mwenye kiwanda na mwenye jina tu.

Kir hakuishi kuyaona matokeo hayo. Miaka yake ya mwisho aliitumia kusukuma mradi wa ziwa la kuchimbwa kwenye mto Ouche, magharibi mwa jiji, ambao wapinzani wake waliukejeli. Ziwa lilifunguliwa mwaka 1964, likapewa jina lake, na bado ni mahali pa mapumziko kwa wakazi. Mwaka 1967, akiwa na miaka 91, aligombea ubunge tena na kushindwa na Robert Poujade, kijana wa chama cha Jenerali de Gaulle. Alifariki Aprili 1968 akiwa na miaka 92, bado ni meya.

Miaka 11 baadaye, cassis ikaingia kwenye vitabu vya sheria. Ujerumani ilikuwa na kanuni kwamba likeri ya matunda isiuzwe kama kilevi chake kiko chini ya asilimia 25, na ya Dijon ilikuwa na asilimia 15 hadi 20. Kampuni ya maduka ya Rewe ilinyimwa ruhusa ya kuiingiza sokoni, ikashitaki. Tarehe 20 Februari 1979 mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama haiwezi kuzuiwa katika nyingine bila sababu nzito kama afya ya walaji. Wanasheria huiita hukumu ya Cassis de Dijon, na soko la pamoja la Ulaya limejengwa juu yake kwa kiasi kikubwa. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kusimamishwa mpakani na mzigo mzuri kwa sababu ya viwango visivyolingana anaweza kuelewa uzito wake bila kusoma sheria.

Kwa wakulima wenyewe, hatua yao ilikuja mwaka 2015, pale jina jipya, krimu ya cassis ya Burgundy, lilipotambuliwa rasmi Ulaya baada ya juhudi za pamoja za wakulima na watengenezaji wa mkoa huo. Jina hili linataka matunda yawe ya Burgundy, hasa aina iitwayo Noir de Bourgogne, na linaweka kiwango cha chini cha matunda kinachotakiwa katika utengenezaji. Noir de Bourgogne ina harufu kali inayopendwa na viwanda, na hata machipukizi yake hununuliwa na watengenezaji wa manukato. Lakini ni aina yenye usumbufu. Haiwezi kujichavusha yenyewe, hivyo mkulima hulazimika kupanda aina nyingine katikati yake na kuwategemea nyuki, na sakitu ikipiga wakati wa maua anapoteza mavuno ya mwaka mzima. Kabla ya 2015 gharama hizo zote zilikuwa zake peke yake. Sasa mnunuzi anayetaka kuandika Burgundy kwenye chupa hana pengine pa kwenda kununua.